Kicheko Katika Mabano

Jumamosi, 1 Machi 1884
Gazeti la Skelby limetoka. Kikao cha halmashauri ya mji wetu kimejaza safu mbili. Thwaite, muuza nyama, kaongelea mitaro, na mwandishi kamwekea mara nne lile neno la mabano, la kuonyesha ukumbi ulicheka: (Kicheko). Mimi, Septimus Ogle, muuza kofia na mjumbe mwenzake, naambulia hivi: "Bwana Ogle naye alizungumza." Basi! Uchaguzi mwezi ujao. Siku hizi mjumbe asiyewekewa Kicheko gazetini ni maiti.

Hester, mke wangu, anasema maji ya pampu ya Kichochoro cha Ngozi yananuka, watoto wanaharisha, nikaseme hilo. Nikamwuliza kichekesho kiko wapi humo. Akachukua ndoo, akatoka.

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwalika Pell, mwandishi wa gazeti, aje kula pai. Nikamdokeza kwamba neno moja dogo halitammalizia wino. Akasema, mdomo umejaa, kwamba yeye huandika anachosikia: wakicheka anaandika, wakinyamaza ananyamaza. Akaomba kipande kingine. Mtu wa msimamo, ila mbele ya sahani.

Jumanne, 4 Machi
Kama ni kusikia, atasikia! Kesho kikaoni shemeji Amos ataketi kwenye benchi la watazamaji. Nikitoa leso, acheke. Amos ana kicheko cha punda, kinavuka mto. Tumefanya mazoezi. Paka kahama nyumba.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mafua! Mwenyekiti akiwa katikati ya rambirambi za marehemu mchimba makaburi wetu, pua ikachuruzika, nikatoa leso. Amos akalipuka. Na mjane yupo pale pale! Katolewa kwa kola, bado anacheka. Akishaanza hajui kuacha. Zamu yangu ilipofika nikatoa mzaha wangu wa askofu na mtaro. Kimya. Nikasimama wima, nikawaambia mimi ni mtu wa kuheshimika. Hapo ukumbi mzima ukaangua.

Jumamosi, 8 Machi
"Bwana Ogle aliwahakikishia wajumbe kwamba yeye ni mtu wa kuheshimika. (Kicheko kikubwa.)"

Kikubwa! Thwaite hajawahi kupata kikubwa. Nimekata kipande hicho, nimekibandika kwenye dirisha la duka. Watu wanasoma huku wameshika mbavu. Thwaite kaniita toka ng'ambo ya barabara: "Heshima yako, Mzee wa Leso!" Wivu tu.

Hester akasema, "Wanakucheka wewe, Septimus." Nikamwambia gazeti halikusema wanamcheka nani.

Jumatatu, 10 Machi
Mtoto wa jirani kazidiwa. Hester kaenda buchani kwa Thwaite, kakaa muda mrefu, karudi bila nyama. Nimekula mkate mkavu. Nimetunga mzaha mpya, wa kasisi na sungura.

Jumatano, 19 Machi
Mzaha haukupata nafasi. Thwaite alisimama na chupa ya maji ya pampu ile, akaizungusha kila mjumbe anuse. Hakutania hata kidogo. Kawataja watoto wagonjwa kwa majina, mmoja mmoja. Watu wameinamisha vichwa. Pampu imefungwa leo hii hii.

Baadaye akaniuliza pembeni, "Ogle, kwani mkeo hakukwambia?"
Nikamjibu kwamba aliniambia, tena kabla ya kumwambia yeye.
Akasema, "Mungu akusaidie, bwana," akavaa kofia yake. Kofia ya zamani, na hakuinunua kwangu.

Jumamosi, 22 Machi
Gazeti limempa Thwaite safu nzima, hotuba neno kwa neno. Nimeisoma juu chini, nikairudia kwa miwani. Hakuna Kicheko. Hata kimoja! Kwisha habari yake, na uchaguzi ndio huo mlangoni. Karibu nimwonee huruma.

Mtoto wa jirani ameanza kunywa uji. Hester yuko huko tangu asubuhi. Nimempelekea habari za kuanguka kwa Thwaite, akanifungia mlango.

Amos yuko tayari. Safari hii hakuna ishara, hakuna leso. Nimemwambia aanze kucheka mara tu anionapo naingia kikaoni.