Tochi Nyuma ya Kibanda cha Kahawa

Jumapili, 8 Septemba

Nimepigwa tochi. Tena! Sajini Dhayfallah wa trafiki alikuwa amejibanza na mashine yake ya kupimia mwendo nyuma ya kibanda cha kahawa, pale mteremko unapoishia mbele ya shule ya wasichana. Gari limeandikishwa kwa jina la Baba, kwa hiyo ujumbe wa faini uliingia kwenye simu yake, katikati ya chakula. Akaweka mkate chini taratibu. Faini moja zaidi, akasema, ufunguo anachukua Qusay. Kaka yangu Qusay, ambaye hajawahi kuwaza akiwa peke yake, akaniuliza kama kesho nitaomba lifti.

Hawaelewi. Nyumba ya watu saba! Kile kigari ndicho chumba changu pekee chenye mlango.

Nimetafakari. Kama nia ni kuwalinda watoto, kwa nini ajifiche? Anayejificha ni mwindaji, na mwindaji hafurahii swala wakitembea polepole. Shahada yangu ya uzamili si bure.

Jumatatu, 9 Septemba

Mpango: kuegesha juu ya mteremko na kumpigia taa kila dereva. Mara mbili. Amman nzima inajua maana yake: punguza mwendo, mbele kuna tochi. Hazina ya serikali itakufa njaa!

Waliteremka kwa adabu za bibi harusi. Hata gari la kuuza mitungi ya gesi, na muziki wake wa kuita wateja. Dereva wa teksi akanipungia: "Mungu akuhifadhi, dada yetu!" Sijawahi kupendwa hivi na watu nisiowajua. Wala na ninaowajua.

Jumanne, 10 Septemba

Maafa. Sajini alipanda hadi kwangu. Nilikuwa na hotuba tayari, haki za raia na kadhalika. Akanipa kahawa! Eti tangu jana mlinzi wa shule anavusha watoto bila kupiga kelele. "Binti yangu, unatufanyia kazi yetu."

Kazi yao! Nikamuuliza kwa ukali mbona hakai hadharani. Akasema pale nyuma ya kibanda ndipo penye kivuli.

Upuuzi. Kahawa niliinywa, lakini kwa kupinga.

Jumatano, 11 Septemba

Ushindi! Sajini anahamishwa. Wakubwa wake wameuliza mbona mtego hauleti kitu. Nikamwambia hiyo ndiyo hoja yangu tangu Jumapili. Akakubali nimeshinda. Kisha akauliza, haya, watoto sasa watavushwa na nani?

Tochi imeondoka, dhuluma imeondoka, sikuona sababu ya kupiga taa. Magari yaliporomoka kama mawe. Mlinzi wa shule alinitazama kwa muda mrefu. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Alhamisi, 12 Septemba

Asubuhi, barabara nyingine kabisa, kijana wa gari jeupe akanipigia taa. Mara mbili. Wanaume wa mji huu! Wakimwona mwanamke kwenye usukani lazima wakonyeze, hata kwa taa. Nikainua pua. Akaja wa pili. Wa tatu alikuwa babu mwenye mvi, hana haya! Nikakanyaga mafuta niwakimbie wote.

Nyuma ya hema la muuza tikiti maji: Sajini Dhayfallah, kituo kipya. Alionekana kuumia kuliko mimi. "Binti yangu, hata wewe? Kwani hawakukupigia taa?"

Ufunguo anao Qusay. Naandika haya chooni, mlango pekee uliobaki. Qusay anagonga, anauliza kama nimezama.

Lakini nimeshaelewa. Wale watatu walitumwa na hazina, wanichokoze niongeze mwendo. Yote yanapatana! Nimemjibu Qusay kwamba kesho nauhitaji ufunguo, kwa utafiti.