Kandambili Kwenye Geti la Kijani

Leo nimejidhalilisha, tena kwa spika.

Mnaonijua mnajua kazi yangu. Nina bajaji yenye spika mbili juu, nazunguka mitaa ya Tabora kutangaza: mikutano, chanjo, ng'ombe aliyepotea. Narekodi tangazo mara moja kwenye simu ya kazi, nachomeka waya, linajirudia lenyewe. Na watu wananiamini. Nikisema kesho maji yatakatika, ndoo zinajaa kabla sijakata kona.

Ila moyoni mimi ni mwandishi wa filamu za kutisha. (Mbona mnacheka mapema hivyo?) Wiki iliyopita dada Rehema, prodyuza wa Dar, alikubali kunisikiliza. Sharti lake lilikuwa moja: nimpe wazo zima kwa sentensi moja, leo kabla ya saa sita mchana. Ikimshika, tunatengeneza filamu. Isipomshika, nisimsumbue tena. Alisema hivyo hivyo, "usinisumbue tena." Nimeisubiri nafasi hii miaka.

Saa mbili asubuhi nikatuma: "Mtu mmoja anapambana na nguvu za giza."

Akajibu: "Mtu gani? Wapi? Na asipopambana je?"

Nikarekebisha: "Mjane wa Tabora anasumbuliwa na marehemu mumewe."

"Anamsumbuaje? Anadai chai? Weka hatari. Weka muda. Nikisikia, niulize mwenyewe: halafu?"

Wakati huo nilikuwa nimeegesha Itetemia, nasubiri muda wa kutangaza chanjo ya kuku. Ng'ambo ya barabara, mbele kidogo, kuna geti la kijani la Mama Kulwa. Ni mjane, anauza asali. Nikamwazima. (Geti tu, jamani. Na ujane.) Nikaandika, nikafuta, nikaandika, mpaka ikatoka hii:

"Mjane mwenye geti la kijani, Itetemia, ana muda mpaka jua lizame kumrudisha kaburini marehemu mumewe, kabla hajaanza kugonga milango ya majirani."

Nikasisimka mwenyewe. Dada Rehema akaandika: "Angalau. Sasa isome kwa sauti, nisikie kama inabana."

Nikachukua simu ya kazi nikarekodi. Tatizo ni mdomo wangu. Miaka yote hii ya kazi, hauwezi kusoma kitu bila kuanza na: "Tangazo! Tangazo! Wananchi wa Itetemia mnatangaziwa kwamba..." Nikaona si mbaya, inaongeza uzito. Nikaihamishia simu yangu ya pili, ile ninayochatia naye, nikamtumia.

Kisha nikarudi kazini. Nikachomeka waya, nikabonyeza rekodi ya juu kabisa. "Tangazo! Tangazo! Wananchi wa Itetemia..." Sawa kabisa, matangazo yangu yote yanaanza hivyo. Papo hapo simu ya pili ikaita. Dada Rehema! Nikachomoka mbio mpaka nyuma ya ghala la mahindi, mbali, ili kelele zangu zisije kuniharibia bahati yangu.

Tukaongea kama dakika kumi, kidole kimoja sikioni. "Imeanza kunishika," akasema. "Halafu? Huyo mjane anafanya nini?"

Sikuwa na halafu. Nikaanza kubabaika. Nikiwa nababaika, akapita mama anakimbia, mtoto mgongoni. Wakapita wengine watatu. Akafuata mzee na baiskeli, anaisukuma badala ya kuipanda.

"Shikamoo mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Unaniuliza mimi? Si wewe uliyetangaza?"

Nikasikiliza vizuri upande wa bajaji. Sauti yangu mwenyewe, tamu, ya kuaminika: "...marehemu mumewe, kabla hajaanza kugonga milango..."

Nikakimbia, simu mkononi, dada Rehema bado yuko hewani. Kwenye geti la kijani umati umejaa. Wengine wanasali rozari, wengine wanapiga picha. Nikapenya mpaka mbele kabisa nikapaza sauti: "Jamani, ni filamu! Nimetunga mimi! Hakuna aliyefufuka!"

Geti likafunguka.

Kikatoka kitu cheupe kuanzia juu mpaka chini. Uso hakuna. Mkononi moshi.

Niseme ukweli. Wa kwanza kukimbia nilikuwa mimi, mtunzi. Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo. Sikusimama mpaka nyuma ya bajaji, na hapo ndipo nilipogundua mguu wa kushoto uko peku.

Alikuwa Mama Kulwa. Alikuwa uani anakamua asali, nyuki wamefuata harufu, ndiyo maana alivaa ovaroli nyeupe na kofia ya wavu, na bomba la moshi mkononi. Akavua kofia, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Akaja moja kwa moja kwenye bajaji, akaing'oa ile simu ya kazi kwenye waya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mume wangu amefika saa ngapi?"

Umati ukacheka mpaka wengine wakakaa chini. Akanyoosha mkono, nikampa maiki. Akatangaza mwenyewe, taratibu, kama anayesoma somo kanisani:

"Mama Kulwa wa geti la kijani hajafufua mtu. Ila kuna aliyekimbia akaacha kandambili moja getini kwangu. Aje kuichukua, peke yake, kabla jua halijazama. Asipokuja, nitampelekea mimi, nikiwa nimevaa hivi hivi."

Kila mtu akaangalia miguu yake. Mimi nikauficha wangu nyuma ya tairi.

Simu ikaongea mkononi. Nilikuwa nimemsahau dada Rehema.

"Hiyo!" anapiga kelele. "Mtu yupo, mahali papo, hatari ipo, muda upo! Achana na ya mjane, naichukua hiyo! Halafu? Kandambili ni ya nani?"

Nikamwambia mwisho bado naufikiria.

Sasa hivi ni saa kumi na mbili kasoro. Naandika haya ndani ya bajaji, mguu mmoja mtupu, naliangalia lile geti. Moshi bado unatoka. Msicheke. Aliye karibu na Itetemia aje anisindikize.