Ombi la Kiroba Changu Kisipimwe

Kalangalala, Geita

Ndugu Msimamizi wa Mwalo wa Kuchenjulia Dhahabu,

Shikamoo mzee Enock. Poleni na vumbi la mawe yanayosagwa kwenye karasha. Mimi ni Deusdedit, yule mchimbaji uliyempangia kupimiwa kiroba cha mawe Jumatatu. Naomba kwa heshima zote usiyapime, kwa sababu zifuatazo:

1. Mpangaji mwenzangu, Mwalimu Noela wa fizikia, amenieleza kwamba chembe ndogo kabisa, kabla haijapimwa, hali zake zote zimo pamoja. Ikishapimwa inabaki moja. Nilifurahi hadi nikamwaga chai. Kumbe kiroba changu kina dhahabu na hakina! Miaka sita nimelaumu mwamba bure, kumbe aliyenifukarisha ni wewe na kipimo chako.

2. Baba yake Suzana, binti ninayemposa, anataka ng'ombe kumi na wawili. Kwa sasa ananiita mkwe, maana kiroba hakijapimwa. Ukikipima, yule Deusdedit anayeoa anaweza kutoweka palepale mwaloni. Utamzika wewe?

3. Mwalimu Noela ameongeza, bila kuulizwa, kwamba kitu kikubwa kama jiwe hakingoji mashine ya kupimia. Hewa inakigonga, mwanga unakiangaza, na kila kinachokigusa huondoka na habari zake, kwa hiyo kimeshapimwa zamani. Nimekifunga kiroba kwa mablanketi matatu na kukisukuma uvunguni. Kuku wa jirani akaingia akakidonoa. Namshtaki kuku.

4. Naomba pia upepo usimamishwe upande wetu, na jua lihamie Kahama hadi harusi ipite. Watu wa huko Nyasubi wana mahindi ya kuanika, watalishukuru.

Nisalimie mama nyumbani, vijana wote wa karasha, na hata mzani wako. Sina ugomvi nao binafsi.

Ni mimi, mkwe hadi Jumatatu,
Deusdedit

Nyongeza: Suzana amepita hapa, nikamsomea barua yote. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akasema, "Basi na jibu langu ni ndiyo na hapana. Litabaki hivyohivyo mpaka mawe yapimwe." Akaondoka akicheka. Sijui kicheko kile ni cha kunipenda au cha kunikataa, na kukaa na yote mawili nimeshindwa hata saa moja. Barua nimeileta mwenyewe. Niko mlangoni kwako na kiroba, mablanketi nimeshayatoa. Tafadhali mzee wangu, pima leo.