Mstari wa Tisa Umeniumbua Katonga

Nimeumbuka leo huku mwaloni Katonga, mchana kweupe, mbele ya wanawake thelathini na wawili. Nimewahesabu mara mbili. Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana habari ya Katonga ikitaka kufika Ujiji haisubiri gari.

Daftari langu mnalijua. Kaunta buku nene, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Humo mna miaka sita ya maisha yangu: vipande vya programu, amri za kuamsha kompyuta iliyogoma, namna ya kusakinisha hiki na kile bila intaneti. Kila kipande nimekihangaikia, bando likikata katikati. Kwa hiyo sigawi. Nabadilishana. Kurasa mbili zako, moja yangu.

Na kwa sababu watu nawajua, kila ukurasa nimeutega. Kuna mstari mmoja hauna kazi yoyote ila kuchungulia kama kompyuta ni yangu. Kama si yangu, badala ya majibu unaandika: MWIZI WEWE, RUDISHA ULICHOIBA. Maneno yenyewe nimeyaficha kwa tarakimu, na kila ukurasa mtego uko mahali pake, ili mwizi asizoee. Nikifanya kazi ya mteja nauruka. (Niiteni mchoyo. Mlishaniita.)

Asubuhi natoka nyumbani, Nadine huyo mlangoni. Nadine ni Mrundi, anafundisha kompyuta kwenye kambi ya wakimbizi: kompyuta tatu, wanafunzi hamsini, intaneti hakuna. Mwezi jana alinipa kurasa mbili nzuri, nikampa moja, ile ya kupanga orodha za zamu.

"Sudi, programu yako imeniita mwizi mbele ya wanafunzi," akasema. "Siku mbili nzima natafuta kosa liko wapi. Sasa wananiita Mwalimu Mwizi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Kurasa mbili sikukupa?" akauliza.

"Ulinipa. Lakini hukuuliza kama kuna mtego."

Hakucheka. "Nataka kulipiga picha daftari zima. Hiyo ndiyo fidia yangu. Na kibali changu cha kutoka kambini kinaisha leo jioni."

"Daftari zima unalijua lilivyo?"

"Kurasa mia moja themanini na nne. Nilizihesabu siku ile ulipoenda kufunga mbuzi."

(Hapo nilimheshimu kidogo.) Nikamwambia nina kazi Katonga. Akanifuata.

Kazi yenyewe ni ya kikundi cha wakaushaji dagaa, mwenyekiti wao Mama Zaituni. Wana chanja thelathini na mbili za kuanikia, na zamu zao kila wiki ni ugomvi. Juzi dagaa wamepotea chanja namba nne, hakuna aliyejua zamu ilikuwa ya nani. Wakataka orodha ya kwenye kompyuta. Leo ndiyo siku ya kuwaonyesha. Nikifaulu, mimi ndiye fundi wao mwaka mzima. Nikishindwa, yuko jamaa wa Mwandiga amekaa mkao wa kula, na mimi tangu mvua zianze sijashika kazi nyingine.

Walikuwa wameazima kibanda cha kuonyeshea mpira na kuunganisha kompyuta yao na ile runinga kubwa. Nikafungua daftari, ukurasa ule ule wa zamu niliompa Nadine, nikaandika. Nikahesabu: daftarini mistari kumi na minne, kwenye kompyuta kumi na mitatu. Nikarudia. Kumi na mitatu tena.

Mtu mwingine angeacha. Mimi nikafuta yote, nikaandika upya, kidole juu ya daftari, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikatimia kumi na minne. Nikajisikia fundi kweli.

"Akina mama," nikasema, "nikibonyeza hapa, kila mtu ataona jina lake na chanja yake."

Nikabonyeza.

CHANJA NAMBA 1: MWIZI WEWE, RUDISHA ULICHOIBA. CHANJA NAMBA 2: MWIZI WEWE, RUDISHA ULICHOIBA. Hivyo hivyo hadi thelathini na mbili, kila herufi ukubwa wa samaki mgebuka.

Wanawake wakaanza kuhesabu chanja zao kwa vidole.

"Namba moja si yangu?" akauliza Mama Zaituni, polepole.

"Yako, mwenyekiti," wakamjibu.

"Kwa hiyo, fundi, mwizi ni mimi?"

"Hapana, mama, ni hitilafu ndogo..."

"Na mimi imeniandika!" "Na mimi! Mimi nilikuwa msibani!"

Ndipo Mama Kulwa wa namba tano akasimama, akajifunga khanga kiunoni. "Mimi nilichukua ndoo moja tu pale namba nne. Moja. Na nilikuwa nakuja kusema. Hiyo kompyuta imeambiwa na nani?"

Wote wakanigeukia mimi. Mimi macho kwenye runinga, tarakimu zinacheza, mtego niliouruka kwa mazoea kisha nikaurudisha mwenyewe siuoni. Nimeuficha vizuri mno.

Nadine akaja sikioni. "Mstari naujua. Nimelala nao siku mbili."

"Upi?"

"Daftari zima."

"Kurasa hamsini."

"Oya," akakataa kwa Kirundi. "Zima."

Mama Kulwa alikuwa ameshavua kandambili moja.

"Mia."

"Zima. Na uwaambie hawa mama neno hilo limetoka kwa nani."

Kandambili ya pili ikavuliwa.

"Zima," nikasema.

"Wa tisa."

Nikaufuta, majina yakatokea, yote thelathini na mawili. Kisha nikasimama mbele yao nikaungama yote: mtego, kurasa mbili za Nadine, na daftari nililomwahidi. Mama Zaituni alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani huyu binti alikulipa, na bado ukamwita mwizi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mpe hilo daftari apige picha, asichelewe gari la kambini. Kazi ni yako. Lakini ule mstari urudishe, ukae pembeni. Dagaa wakipotea tena, tutaubonyeza."

Nadine amepiga picha zote, ukurasa kwa ukurasa, mimi nimeshika daftari kama mwanafunzi. Ameondoka na gari la saa nane. Nyie mlionishauri niache mitego, chekeni taratibu. Mstari wangu umeingia kazini leo na umekamata wezi wawili, mimi nikiwemo. Nimehesabu tena. Wawili.