Namba ya Juu na Kiti cha Kando ya Jiko

Alhamisi, 9 Januari

Dhoruba inakuja! Idara ya hali ya hewa imetoa namba zake tatu za kina cha theluji: ya chini, inchi mbili; inayotarajiwa, tisa; ya juu, kumi na nne, yenye nafasi moja tu kati ya kumi. Kwetu Tartu, mji nilikozaliwa ng'ambo, theluji ilianguka bila kushauriana na mtu.

Atakayebashiri karibu zaidi na kipimo cha theluji kwenye ubao ulio nje ya kanisa atakalia kiti cha bembea kando ya jiko kwenye karamu ya maharage ya kanisa Jumamosi, na kila karamu hadi dhoruba ijayo. Atakayekosa zaidi atavaa aproni na kugawa kahawa. Jirani yangu Bernadette Thibodeau amekikalia kiti hicho hadi kimechukua umbo lake. Mgongo wangu unakililia.

Hila: nimempelekea mkate wa shayiri, nikamshauri achukue namba ya juu. Mwanamke jasiri kama yeye! Akauliza tangu lini namjali. Nikasema tangu zamani.

Ijumaa, 10 Januari

Utabiri mpya hutoka saa kumi alasiri. Sanduku la makisio hufungwa nusu saa kabla. Dhuluma! Nikamshika mlangoni mchungaji aliyekuja kulifunga, nikamsimulia utoto wangu wote, pamoja na mbuzi wetu. Alipotazama saa, nikamfanya mbuzi augue. Saa kumi! Inayotarajiwa imeshuka hadi nne! Ya juu haikusogea, lakini nani anaijali? Nikatumbukiza nne yangu. Mchungaji akauliza kwa huzuni kama mbuzi alipona. Alipona kabisa.

Bernadette ametangaza dukani kwamba atalala na gauni lililogeuzwa ndani nje, na kijiko chini ya mto, kama watoto wa hapa wanaotaka shule ifungwe. Maskini. Mimi nina sayansi.

Jumamosi, 11 Januari

Mlango haukufunguka. Nikatoka kupitia dirishani.

Inchi kumi na nne kamili!

Bernadette akijibembea, aliniita mbele ya kanisa zima: "Mzee Endel, lete kahawa! Na asante kwa ushauri, kaka. Aproni imekupendeza, kasoro mbuzi tu!" Hata mchungaji alicheka. Mimi pia, hadi kahawa ikamwagika. Maharage yalikuwa matamu ajabu.

Jumapili, 12 Januari

Dhoruba nyingine Jumatano! Ya juu: kumi na sita. Nimepiga hesabu kwa makini. Ile nafasi moja kati ya kumi imetumika jana. Zimebaki tisa, na zote ni zangu.

Unga wa shayiri upo. Kesho asubuhi nampelekea Bernadette mkate.