Gunia la Thelathini na Sita

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku kubwa. Leo nimenyanyua behewa la treni! Sawa, jeki ndiyo iliyonyanyua. Lakini ubao wa kuwekea jeki niliushika mimi, na bila ubao hakuna jeki.

Habari kamili, kwa faida ya wajukuu wangu: Jumamosi mabehewa mawili ya treni ya abiria yaliteleza yakaacha reli hapa hapa stesheni, yakivutwa polepole kwenda kuegeshwa. Mvua ilikuwa imejaza mchanga pale njia zinapogawanyika. Yalikuwa matupu. Kilichoumia ni chupa ya chai ya gadi wa treni tu, Mungu aiweke pema.

Leo saa tisa gurudumu la mwisho likarudi relini. Makofi! Kisha Mzee Kioko, msimamizi wetu, akatangaza kuwa mabehewa yakirudi kazini gadi ataongezewa msaidizi. Kofia, filimbi, bendera. Atachaguliwa mmoja kati yetu wawili tunaofagia: mimi Kavumbi, au Bonface.

Bonface! Anayefagia kama anabembeleza mtoto alale. Mimi nimeshaongoza watalii Ngome ya Yesu, wiki mbili nzima, mpaka nilipowaambia kuwa aliyeijenga ni babu yangu.

Jioni nikamwambia Shangazi Dama kuwa kazi nimepata. Bado kidogo tu, lakini Shangazi hapendi habari nusunusu.

Jumanne, 9 Septemba

Kumekuja injinia wa ukaguzi, Bi Nasipwondi. Mfupi, mkali. Analala chini ya behewa kama yuko kitandani kwake. Bonface amemfuata kutwa na tochi na boksi la chaki, kama mwalimu wa chekechea. Nikamwuliza kama leo wanasoma a-e-i-o-u. Akageuza tochi, akainama chini ya behewa. Wivu.

Mimi sina wakati wa chaki. Saa ya mapumziko nikaenda Biashara Street kwa Mzee Sattar, fundi wa kofia, kupimwa kichwa. Akauliza kofia ya cheo gani. Nikasema mkuu. Akauliza mkuu wa nini. Nikamwambia kwa jumla. Akanitazama juu ya miwani, akasema tangu aanze kushona hajapima kichwa kikubwa namna hii. Nimelichukua kama sifa.

Nyumbani, balaa! Shangazi amewatangazia wanawake wa mtaa. Watakuja Jumamosi, siku mabehewa yatakapojaribiwa, wanione nikipeperusha bendera. Wanane! Wameshanunua leso za sare. Sasa lazima kazi iwe yangu kweli. Shangazi akiaibika mbele ya wanawake wanane, mimi nitahamia Kibarani nikaishi na kunguru.

Jumatano, 10 Septemba

Akili ni mali yangu peke yangu hapa stesheni.

Nimefika alfajiri, kabla ya mtu yeyote, na sabuni ya kipande, brashi, na mafuta ya taa ya kutolea grisi. Nimeosha mabehewa yote mawili. Si madirisha tu kama Bonface. Chini! Magurudumu, breki, na vyuma vingine ambavyo hata jina sivijui. Halafu kuna watu hawana adabu: kila gurudumu limechorwachorwa chaki. Namba, mishale, alama za vema. Kama ukuta wa choo cha shule! Nimesugua zote. Haikubaki hata nukta.

Injinia leo yuko ofisini na makaratasi, bahati mbaya kwake. Lakini Mzee Kioko alipita kwa mbali, akasema, "Mh, yang'aa." Hiyo "mh" peke yake ni ajira kamili.

Bonface akaja, akauliza kama nimegusa chini. Nikamwambia arudi chekechea. Akainama, akachungulia magurudumu, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaondoka mbio.

Anajua ameshindwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Injinia alipofika alisimama kando ya behewa kama mtu aliyesahau alichokijia. Kisha akauliza ni nani aliyeosha. Hajamaliza swali nimeshanyoosha mkono. Mikono yote miwili.

Kumbe ile chaki ni vipimo! Jumanne kutwa alipima kila gurudumu, akaandika palepale kwenye chuma lipi limekaa sawa na lipi la kuangaliwa tena. Ndivyo wanavyofanya. Wanapima, wanaandika kwa chaki, siku nyingine wanapima tena, na vikilingana ndipo vinaingia daftarini. Mara ya pili ilikuwa leo. Sasa hata mara ya kwanza haipo.

Nikajitolea kusaidia. Nikasema nakumbuka vizuri kuwa gurudumu la kwanza lilikuwa na alama ya vema. Akauliza la kwanza kutoka upande gani. Swali gumu.

Mzee Kioko hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema polepole tu, "Kavumbi mwanangu, wewe ukikabidhiwa bahari utaipiga deki." Wote wakacheka, mpaka gadi aliyefiwa na chupa. Bonface alicheka kwa adabu, kaziba mdomo. Hiyo ndiyo inayouma.

Adhabu: behewa likijaribiwa hupakiwa magunia ya mchanga badala ya abiria, kila gunia uzito wa mtu mzima. Nijaze thelathini na sita. Peke yangu. Na kama Injinia hatamaliza kupima upya kesho, Jumamosi hakuna majaribio, hakuna bendera, hakuna kitu.

Shangazi akauliza siku ilikuwaje. Nikamwambia nimepewa jukumu la abiria.

Ijumaa, 12 Septemba

Mchanga una uzito wa makusudi. Nimeyapa magunia majina ili kazi iende. La tatu ni Bonface: limepinda, halisimami lenyewe. La kumi ni Mzee Kioko: nimelifunga mdomo mara mbili.

Halafu, ushindi! Injinia, akipima upya, akaona ufa mwembamba kama unywele kwenye chuma kinachoshikilia breki. Jumanne haukuonekana kwa sababu ulikuwa chini ya grisi. Na grisi imetolewa na nani? Nikamwendea, nikamwambia asinishukuru, kuokoa roho za watu ni kawaida yangu. Akasema kuosha kumesaidia, kweli, ila kwenye upimaji wa pili grisi ingefutwa tu na ufa ungeonekana. Hiyo sehemu ya mwisho sitaiandika.

Saa kumi chuma kimebadilishwa. Jua linatua, magurudumu yote yameshapimwa mara mbili, daftari limejaa. Kesho majaribio yapo! Nikamwuliza Mzee Kioko kuhusu bendera. Akasema nitaona kesho.

Hakusema hapana.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa mbili asubuhi, magunia thelathini na tano. Nikahesabu tena. Thelathini na tano. La tatu, yaani Bonface, lilipasuka wakati wa kupakia. Hata akiwa mchanga ananiharibia!

Kichwa cha treni kinanguruma, muda hakuna. Injinia akasema karatasi inataka uzito wa magunia thelathini na sita, pungufu ya hapo hasaini. Mzee Kioko akanitazama juu mpaka chini, kama mtu anayechagua mbuzi. Akauliza, "Huyu je?" Wakanipandisha kwenye mizani ya mizigo. Nikapungua. Wakaniongezea ndoo ya mchanga mapajani. Wakaniandika 36 kifuani, kwa chaki. Na sharti likatolewa: gunia haliongei, haliinuki, halipungi mkono. Likipunga, linashushwa Kibarani na kurudi kwa miguu.

Treni ikaanza. Na pale ukingoni mwa reli, nani hao? Shangazi Dama, wanawake wanane wa leso sare, na Mzee Sattar na kofia yangu ndani ya karatasi. Na mbele yao Bonface, filimbi mdomoni, bendera ya kijani juu. Amekwisha chaguliwa!

Nilitaka kupiga ukelele. Gunia haliongei. Nikakaa mkavu, macho mbele, ndoo mapajani, nikawapita taratibu kama waziri aliyeudhika.

Vigelegele! Wallahi, vigelegele mpaka kunguru wakaruka.

Tukaenda mpaka Kibarani na kurudi. Magurudumu hayakulia, breki zikashika barabara. Injinia akasaini palepale. Niliposhuka, miguu imekufa ganzi, Shangazi akanikumbatia machozi yakimtoka. Akawaambia wenzake hajapata kuona jambo kama hili: mabehewa mawili mazima kwa mtu mmoja, na kijana wa watu kawekwa pale kumpungia yeye tu! Mmoja akauliza hiyo 36 kifuani ni nini. Nikasema ni cheo.

Mzee Sattar akatazama magunia dirishani. Akaitazama ndoo. Akanivisha kofia, akainyoosha ukingo. Mtu mwema sana. Imenienea.

Jumapili, 14 Septemba

Mabehewa yanarudi kazini kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na abiria wanaopumua. Bendera ni za Bonface, rasmi. Mimi nimebaki na ufagio, ila Mzee Kioko amesema gadi wa treni ya jioni naye atahitaji msaidizi mwezi ujao, na kama nitakaa bila kuharibu kitu, labda. Ameniapisha nisioshe chuma chochote bila ruhusa yake. Nimeapa. Chuma chochote.

Na nimejifunza, sikatai. Kosa langu lilikuwa kuosha kitu kikubwa mno.

Basi leo nikifagia nikaona bendera za Bonface zimetundikwa ndoanoni, ya kijani na nyekundu. Zimejaa grisi na alama za vidole! Siku ya kwanza ya kazi, mbele za watu! Nimezileta nyumbani kimyakimya. Kesho alfajiri nitazirudisha zikimeremeta, Mzee Kioko atauliza ni nani, na safari hii nitanyoosha mkono mmoja tu, kwa unyenyekevu. Kazi ya jioni imekwisha kuwa yangu. Shangazi nimeshamwambia.

Sabuni haikutosha. Nimeziroweka zote mbili pamoja katika ile dawa kali anayong'arishia shuka zake nyeupe, tangu asubuhi.

Nimetoka kuchungulia sasa hivi. Uchafu uliotoka! Wa kijani, mwekundu, ndoo nzima! Kumbe zilikuwa chafu hivyo.