Dirisha la Mizizi na Viambishi

Napenda kuwatangazia wananchi wote wa Rungwe, wa milimani na wa mabondeni, wazima na wagonjwa, kwamba mwaka 1994 wilaya hii iliamua kupambana na maradhi kwa mbinu ambayo haijapata kutumika mahali popote: kuyavunja vipande vitatu.

Jina langu ni Prosper, Mratibu wa Mizizi, Viambishi Awali na Viambishi Tamati vya Magonjwa. Ni mzaliwa wa Rombo, nimeletwa Tukuyu kwa barua, na mvua ya huku mpaka leo inanikera. Cheo nilikipata baada ya semina ya siku tisa mjini Morogoro, ambako mkufunzi mmoja mpole alitufunulia siri ambayo madaktari wameikalia miaka yote: yale maneno yao marefu si marefu hata kidogo. Ni maneno mafupi yaliyoshikana mikono. Gastro ni tumbo. Kadio ni moyo. Nefro ni figo. Ukiweka aitisi nyuma, kitu kimevimba na kinawaka moto. Ukiweka algia, kinauma. Ukiweka ektomi, kimekatwa na kutupwa, na mwenyewe hana tena la kusema. Mbele unatanguliza haipa kama kitu kimezidi, haipo kama kimepungua, na a kama hakipo kabisa. Nilirudi na cheti kimoja na mabango kumi na manne.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Mitumba imefika hadi kijijini Masoko, maduka ya dawa ya watu binafsi yanaota mjini kama uyoga, na kila ofisi inadaiwa ionyeshe mageuzi yake. Ofisi ya kilimo ilikuwa na mageuzi mawili. Sisi wa afya hatukuwa na hata moja, na jambo hilo lilikuwa likituaibisha vikaoni.

Basi nikapeleka pendekezo kwa Mheshimiwa Andongwisye, Mwenyekiti wa Kamati ya Afya, mtu mnene, mwenye sauti ya kanisani na suti ya kijivu ambayo hakuivua hata kwenye joto la Kyela. Alilisoma pendekezo langu kwa dakika mbili, akaliweka mezani.

"Mratibu, mgonjwa atanufaikaje?"

"Atashirikishwa, Mheshimiwa."

"Katika nini?"

"Katika ugonjwa wake."

Akasaini hapohapo.

Waraka ulisema hivi: katika kituo chetu cha afya hakuna mgonjwa atakayepita dirishani kwenda kwa muuguzi kabla hajautaja ugonjwa wake kwa neno kamili la kitabibu, lenye mzizi na kiambishi, na Mratibu akaligongea muhuri kwenye kadi. Mabango yalibandikwa ukutani ili wasiojua wajifunze wakisubiri. Watu walikuwa wakisubiri siku zote bila kujifunza chochote, na mimi sipendi muda wa wananchi upotee.

Jumatatu ya wiki ya pili, mvua inanyesha kama kawaida yake, wakafika dirishani wanawake wawili kutoka Ikuti. Mmoja alikuwa Tulia, mchuma chai, bado binti kabisa, amejikunja na mkono ameubana ubavuni. Aliyemshika alikuwa mama mkwe wake, Atuganile, mwenye khanga mbili na miguu iliyojaa tope. Walikuwa wametembea tangu alfajiri.

"Ugonile, tata," alisema Atuganile. Hiyo ndiyo salamu yao ya asubuhi, tata ni baba, na huku mtu hasemi shida yake kabla ya salamu. Tukasalimiana nyumba, mashamba na mifugo. Nilivumilia. Kisha akasema, "Mkamwana wangu anaumwa tumbo. Hapa, kuume, chini. Tangu juzi. Kila anachokula anatapika."

"Mama, hayo ni malalamiko," nilimweleza kwa upole. "Mimi nahitaji ugonjwa."

"Ugonjwa ndio huo."

"Huo haujaundwa. Una mzizi?"

"Mzizi tulimpa jana, wa kuchemsha. Haukusaidia."

Nikamwonyesha bango. Alilitazama kwa heshima kama anayetazama picha za arusi ya watu asiowajua. Tulia ndiye aliyesogea karibu na dirisha, uso wake umepauka na jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Baba, nisaidie tu," alisema. "Nahisi nitakufa."

Akalia. Fomu haikuwa na sehemu ya machozi, kwa hiyo sikuyaandika. Nasema kweli, roho iliniuma. Lakini kanuni ikilegezwa kwa mmoja italegezwa kwa wote, na baada ya hapo tungebaki na wagonjwa tu, bila utaratibu. Nikawapa nakala ya bango wakasome nyumbani, warudi wakiwa tayari.

Yaliyofuata sikuyajua mpaka baadaye. Ikuti palikuwa na mwalimu wa kwaya anaitwa Lukasi, ambaye wiki ya kwanza alikuja anaharisha, akakaa chini ya bango langu saa tatu, na kwa vile amezoea kukariri sauti nne kwa mpigo, akapita dirishani na neno zima: gastroenteraitisi. Tumbo, utumbo, uvimbe wa moto. Nilimpa mkono siku ile. Ndiye mwananchi wa kwanza kupata muhuri wangu.

Sasa, watu wa huku wana tabia moja. Mwenye jembe hamnyimi jirani jembe. Mwenye sufuria kubwa, sufuria hiyo ni ya kila msiba. Jioni ile Atuganile alikwenda kwa Lukasi akamwomba amwazime neno. Lukasi hakusita. Alimfundisha kwa kuimba, sauti ya pili, mpaka likakaa.

Jumanne wakarudi. Safari hii Tulia alibebwa kwenye machela ya mianzi, macho ameyafumba. Atuganile akanisalimu, tukapita nyumba, mashamba na mifugo, kisha akavuta pumzi.

"Gastroenteraitisi," alisema, akishuka kidogo mwishoni kama wanavyoshuka kwenye amina.

Nikagonga muhuri kwa furaha kubwa. Nilijiona nimeikomboa Ikuti.

Ndani alikuwepo muuguzi wetu, Sista Pudensiana, mwanamke wa maneno machache ambaye semina hakuipata. Alipokea kadi, akaiweka kando bila kuisoma, akainama kwenye machela. "Haya mwanangu, niambie mwenyewe. Unaumwa wapi?" Dakika mbili hazikwisha, akajua ni kidole tumbo na kiko karibu kupasuka. Akamwingiza Tulia kwenye Landrova, ambayo kwa mujibu wa waraka ilikuwa ya kusafirishia mabango, ikampeleka hospitali kubwa akapasuliwa siku hiyohiyo. Huko walisema angechelewa mpaka Jumatano wangemzika. Nilimwandikia Sista barua ya kutaka maelezo kuhusu matumizi ya gari. Alijibu kwa mdomo. Alisema, "Sawa."

Habari zikasambaa kwamba lipo neno linalofungua dirisha. Lukasi akawa analiazimisha asubuhi na jioni. Likavuka mto, likafika Lufingo, likafika Masoko. Mimi pale dirishani nilishangazwa na kasi ya wananchi kuelimika. Alikuja mzee wa Lufingo aliyedondoka mgombani, mkono umevunjika unaning'inia, akasema gastroenteraitisi. Alikuja mama wa mapacha, uchungu umeshaanza, akasema gastroenteraitisi baina ya uchungu na uchungu. Mwingine alikuwa na mdudu sikioni. Wote niliwagongea muhuri, kwa sababu neno lilikuwa sahihi na kazi yangu ni neno.

Baada ya wiki sita nilituma takwimu mkoani. Wagonjwa mia nne na kumi na mbili. Wenye gastroenteraitisi, mia nne na tisa. Mheshimiwa Mwenyekiti alinipongeza kwenye kikao, akasema hajawahi kuona takwimu zinazokubaliana namna ile.

Siku ya tatu baada ya kikao ikaingia simu ya upepo. Mkoa ulikuwa umesoma takwimu na kuelewa kwamba Rungwe nzima inaharisha. Amri ilikuwa fupi: kila mtumishi aliyeshikana mikono na wagonjwa hao atengwe mara moja, mpaka ithibitike kwamba ni mzima.

Aliyeshikana mikono na wote mia nne na tisa alikuwa mmoja. Nilikuwa ninawapongeza.

Ningeweza kusema ukweli, maana kufikia hapo Sista alikwishanieleza habari ya kuazimana. Lakini ukweli huo ungeua Mradi wa Mizizi na Viambishi, na Mradi ukifa, Prosper anabaki karani. Nikakubali kutengwa. Sista naye alistahili kutengwa, ila alisema haitawezekana kwa kuwa ndiye mwenye funguo. Akanifungia kwenye chumba cha kutengea wagonjwa, nyuma ya kituo, chenye kitanda kimoja na dirisha linalotazama ukungu.

Sikuwa na wasiwasi. Waraka wangu mwenyewe, kifungu cha saba, ulisema mtu hutoka kama alivyoingia: ataje hali yake kwa neno kamili, agongewe muhuri, aende zake. Nikaomba bango. Nikalisoma kutoka juu hadi chini. Kulikuwa na mizizi ya ini, bandama, ngozi, mifupa. Kulikuwa na viambishi vya kuvimba, kuuma, kuoza, kutoka damu. Nikalisoma tena kutoka chini kwenda juu. Neno la mtu asiyeumwa halikuwemo.

Nikajaribu kuliunda. Nilichukua kile kiambishi cha "hakipo kabisa" nikakibandika mbele ya tumbo. Nikapata mtu asiye na tumbo. Nilipokibandika mbele ya moyo, nikapata maiti. Isitoshe, anayeruhusiwa kugonga muhuri ni Mratibu peke yake, na Mratibu aliyetengwa haruhusiwi kushika muhuri.

Siku zikapita. Ikumbukwe kwamba kituoni kwetu mgonjwa hulishwa na ndugu zake. Ndugu zangu wako Rombo. Siku ya kwanza nilikunywa chai ya Sista, siku ya pili nikala embe bovu. Siku ya tatu nililala nikitazama dari, nikawaza watu wote niliowarudisha nyumbani wakasome. Niliona haya. Sikuwa nimewahi kuona haya kazini na sikujua mtu huifanyia nini.

Asubuhi ya siku ya nne mlango ukafunguliwa, akaingia Tulia. Alikuwa amekonda, anatembea polepole na mkono mmoja ameuweka juu ya kidonda, lakini anatembea. Kwenye mkono wa pili alikuwa na bakuli la ndizi na maharage, limefunikwa.

"Mama amesema nikuletee," alisema. "Amesikia huna mtu."

"Unakumbuka nilichokufanyia?" nilimuuliza.

"Nakumbuka."

Akafunua bakuli, akaniwekea kijiko. Hakuniuliza ninaumwa nini. Nilikula nikilia, na kwa mara ya kwanza sikujali kama kuna mahali pa kuandika. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Ndaga, tata," yaani asante, baba. "Kula, zinapoa."

Nilipomaliza akaniambia, "Mbona hutoki? Mlango wa jikoni uko wazi. Tangu dirisha lifungwe, Sista anatibia kule. Hata mimi nimekuja kusafishwa kidonda, kimekawia kufunga."

Nilimweleza kwamba mlango wa jikoni haumo kwenye waraka. Alinitazama kwa huruma, akanishika kiwiko, tukaenda.

Jiko la wagonjwa ni banda la bati lenye mafiga sita. Nilikuta watu kama thelathini wamekaa pembezoni, juu ya viti vya kukunja, ndoo na magunia ya viazi, wanaota moto na kupiga soga. Sista Pudensiana amesimama katikati. Anayefikiwa anataja panapouma, kwa sauti, wote wanasikia, wanampa pole, anatibiwa, anayefuata. Hakuna aliyekuwa akijifunza chochote. Nilihesabu: kwa muda ambao mimi ningesoma kadi mbili, yeye alikuwa amemaliza watu tisa.

Na kando ya mlango, amesimama wima ndani ya suti ya kijivu, alikuwa Mheshimiwa Andongwisye.

"Mratibu," alisema chini chini, "hukuniona."

"Sijakuona, Mheshimiwa."

Lakini Atuganile, aliyekuwa amekaa kati ya wagonjwa, alikwishamwona. Huku Rungwe mkubwa hasimami wadogo wamekaa. Aliinuka kutoka kwenye gunia lake, akapiga goti kidogo, akampisha. Mheshimiwa akashukuru, akasema asante, nimezoea kusimama. Basi mzee wa Lufingo, mkono wake ukiwa ndani ya bandeji, naye akainuka akamwachia kiti. Mheshimiwa akakataa. Akainuka mama wa mapacha, pacha huku na pacha huku. Akakataa, jasho linamtoka. Mwisho banda zima lilikuwa limesimama, kila mmoja anamsihi akae kwake, maana kukataa kiti kwa mtu ni kumdharau, na minong'ono ikaanza kwamba Mwenyekiti amekuwa mtu wa dharau.

Sista akageuka. "Mheshimiwa, kwani unaumwa wapi?"

Mheshimiwa akasimama wima zaidi. "Ni dematolojia," alisema. "Kwa upande wa... haipa. Ya nyuma. Mratibu atakufafanulia."

Watu thelathini wakanigeukia mimi. Dema ni ngozi, haipa ni kuzidi, na mtu hawezi kukaa: nilielewa. Naye akanigeukia, macho yake yananiomba kuliko kinywa cha mtu kinavyoweza kuomba. Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa refu, zuri, lenye mzizi na viambishi pande zote mbili, na lingemfunika kama blanketi.

"Mheshimiwa ana jipu," nilisema. "Kwenye kalio."

"La kushoto au la kulia?" aliuliza Sista.

Hilo sikulijua. Watu wote wakabaki wamesimama kwa adabu, wakimsubiri aseme.